Kabla hujaondoa jelibreki, jua kwanza simu ni ya nani

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Morogoro. Mwezi uliopita nilinunua iPhone X iliyotumika, Kariakoo. Ina programu inaitwa Cydia; nikiigusa inafunguka kidogo kisha inajifunga yenyewe. Programu ya benki inagoma, inaniambia simu si salama. Mfumo wake ni iOS 14. Muuzaji alinisisitizia mambo mawili: nisiweke namba ya siri, na nisiiriseti kamwe. Kaka yangu anasema hiyo ni jelibreki, niingie Settings nifute kila kitu, itaisha. Mimi naogopa kuiua simu. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Kaka yako ameujua ugonjwa, ila dawa aliyokuandikia siikubali, na nakuomba usiijaribu leo. Jelibreki, yaani kuvunja vizuizi ambavyo Apple wameviweka kwenye simu, inaondoka. Kwenye iPhone X inaondoka yote, na ukifuata njia iliyo sawa simu haifi. Kinachonitia wasiwasi ni lile neno la muuzaji kwamba usiiriseti kamwe. Simu safi haiogopi kurisetiwa. Kwa hiyo nitaanza na maneno yake, halafu ndiyo tuje kwenye waya na kompyuta.

Katazo la kwanza, la namba ya siri, lina maelezo ya kawaida. Septemba 2019 mtafiti anayejiita axi0mX alitangaza tundu la usalama aliloliita checkm8. Tundu hilo liko kwenye programu ya kwanza kabisa inayoamka simu inapowashwa, na programu hiyo imechongwa ndani ya chipu kiwandani, haiandikwi upya. Ndiyo maana Apple hawawezi kuliziba kwa sasisho lolote. Linazihusu simu kuanzia iPhone 4S hadi iPhone 8 na iPhone X kama yako, ambazo ndizo za mwisho kwenye foleni hiyo. Novemba ya mwaka huohuo ikatoka jelibreki iliyojengwa juu ya tundu hilo, inaitwa checkra1n, nayo ndiyo ninayoishuku kwenye simu yako. Sasa, kwa iOS 14 kwenye chipu ya A11 iliyomo ndani ya iPhone X, ile sehemu ya chipu inayotunza namba ya siri na sura yako inagoma ikijua simu imewashwa kwa kupitia tundu. Jelibreki inakubali tu ikiwa hakuna namba ya siri wala Face ID. Muuzaji alikukataza ili jelibreki iweze kuamshwa tena siku ikihitajika.

Na kwamba Cydia, lile duka la programu za jelibreki, inafunguka na kujifunga, hiyo inatueleza jambo jingine: jelibreki yako imelala. Aina hii hufa kila simu inapozimwa na kuwashwa, na haiamki mpaka simu ichomekwe kwenye kompyuta na kuamshwa upya. Lakini mafaili yake yamebaki palepale. Programu za benki huuliza simu swali rahisi sana: humu ndani Cydia ipo? Jibu likiwa ipo, zinafunga mlango, iwe macho au imelala. Hawakosei. Jelibreki maana yake ni kwamba ukuta unaozuia programu moja isichungulie mambo ya nyingine umetobolewa, na benki haina namna ya kujua nani amepita pale. Kwa siku hizi chache tumia menyu ya simu ya kawaida, ile ya *150*00# kama uko Vodacom, au ya mtandao wako. Hiyo inapita kwenye laini, haihusiani na mafaili yaliyomo ndani ya simu.

Katazo la pili ndilo lenye mwiba.

Tangu iOS 7 ya mwaka 2013, iPhone ikiwa imeunganishwa na akaunti ya Apple na Find My (huduma ya Apple ya kutafuta simu iliyopotea) ikiwashwa, inawekewa kufuli ambalo halikai ndani ya simu. Linakaa kwenye seva za Apple, limeandikwa kwa utambulisho wa simu hiyohiyo. Unaweza kufuta simu mara mia. Ikiwaka na kugusa intaneti, seva inauliza akaunti ya mwenyewe. Ni kufuli zuri, limepunguza faida ya kuiba simu. Ila lilipokuja tundu la checkm8, wapo waliogundua kwamba ukishaifanyia simu jelibreki unaweza kuiruka ile hatua ya kuuliza akaunti, simu ikafunguka na kuonekana nzima. Kufuli halijaondoka, limefunikwa tu. Simu ya namna hiyo ukiiriseti kitambaa kinaanguka, nawe unabaki na kioo kinachodai baruapepe ya mtu usiyemjua. Muuzaji anayejua hivyo atakuambia nini? Usiiriseti kamwe.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimelisababisha mwenyewe. Mwaka 2020 mama mmoja aliniletea iPhone 8 ya mwanawe, ina jelibreki, anataka isafishwe. Nikaisafisha bila kuuliza swali hata moja. Ilipowaka ikadai akaunti. Alikuwa ameinunua kwa mtu njiani, hana risiti, hana namba ya simu, na mimi ndiye niliyefunua kitambaa. Tangu siku ile sigusi waya kabla sijakagua umiliki.

Simsemi muuzaji wako vibaya. Huenda alimaanisha tu kwamba jelibreki ya zamani ukiifuta ovyo simu hukwama, jambo ambalo ni kweli na nitalieleza. Lakini tusikisie, tukague. Fungua Settings, tazama juu kabisa. Kuna jina lako pale? Kama hakuna, jaribu kuingia kwa akaunti yako mwenyewe ya Apple, kisha washa Find My. Halafu chukua simu ya mwenzako au kompyuta, ingia iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, kwa akaunti yako, uone kama simu hii imetokea kwenye orodha ya vifaa vyako. Simu iliyofunikwa kufuli kwa kawaida hukataa hapo: akaunti haishiki, au Find My haiwaki, au iCloud inazunguka bila mwisho. Nyingine hata kupiga simu haziwezi, laini inasomeka ila mtandao haushiki, zinatumika kwa Wi-Fi tu. Ukiiona simu yako kwenye orodha, kwa jina lako, hiyo ni dalili njema sana.

Ukiwa humohumo Settings, ingia General, kisha About, ushuke mpaka kwenye mstari wa Carrier Lock. Ukisoma "No SIM restrictions", simu haijafungwa kwa kampuni ya simu ya Marekani au Japani. Ukisoma kingine chochote, toa kitako cha laini utazame kama kuna kikaratasi chembamba chenye chipu kimewekwa chini ya laini yako. Hicho ni kiini macho kinachoidanganya simu ikubali laini ya Tanzania, na baada ya kusafisha simu huenda kisifanye kazi tena. Mwisho piga *#06#, uandike IMEI, namba ya utambulisho wa simu, kwenye daftari. Ukiituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, mfumo wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, utakujibu ni simu ya aina gani. Kama jibu si iPhone X, tuna kesi nyingine kabisa. Jihadhari tu: majibu ya 15090 hayasemi lolote kuhusu kufuli la Apple, na wengi wanachanganya mambo haya mawili.

Iwapo akaunti imekataa, usisafishe chochote. Rudi dukani na risiti yako ya EFD, useme unataka simu isafishwe mbele yako. Kwa kweli hata kama ukaguzi umetoka vizuri, ningependa usafishaji wenyewe ufanyike pale pale dukani, kwa sababu kipimo cha mwisho cha umiliki ni kuiristoa tu, yaani kuifuta na kuandika mfumo wake upya kutoka kwenye kompyuta, hakuna kingine. Morogoro hadi Dar es Salaam ni safari ya siku moja, na ni nauli ndogo kuliko bei ya iPhone X. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Akikataa, amekujibu, na hapo dai fedha yako simu ikiwa bado inawaka.

Sasa tuchukulie imepita. Tuje kwenye dawa ya kaka yako.

Amezoea Android, naona, ambako unafuta kila kitu na simu inarudi kama mpya. Lakini hata Android, simu iliyorutiwa (ndiyo jelibreki ya huko) haiponi kwa kufuta hivyo, maana kinachofutwa ni vitu vyako tu: picha, ujumbe, programu ulizopakua. Mfumo wenyewe hauguswi. Kwenye iPhone kile kitufe cha "Erase All Content and Settings" nacho kinafanya hivyohivyo, kwa haraka zaidi, kwa kuharibu ufunguo unaosoma vitu vyako. Jelibreki za mpaka iOS 14 zinaandika ndani ya sehemu ya mfumo. Ukifuta upande mmoja na kuuacha mwingine, unabaki na mfumo uliochanganyikiwa, na simu mara nyingine hukwama kwenye nembo ya tufaha la Apple, inawaka, inazima, inawaka. Kuanzia iOS 15 Apple waliifunga sehemu hiyo kwa muhuri, kwa hiyo jelibreki za baadaye hukaa upande wa vitu vyako, na kuziondoa kumekuwa rahisi. Yako ni ya enzi ile ya kwanza.

Utasikia pia kwamba programu ya checkra1n yenyewe ina sehemu ya kurudisha mfumo ulivyokuwa. Ipo, na inafaa kwa mtu anayetaka kubaki kwenye iOS 14. Wewe huna sababu ya kubaki huko. Unataka benki ifunguke na simu iwe salama, kwa hiyo tunaiandika upya yote kutoka kwenye kompyuta.

Kwanza vitu vyako. iCloud ya bure ni GB 5 tu, picha za mwalimu wa darasa la kwanza hazitoshi humo. Nakili picha na video kwenye kompyuta kwa waya, uzifungue mbili tatu uhakikishe zinasoma. WhatsApp ifanyie bekapu yake yenyewe ndani ya WhatsApp kwenda iCloud. Namba za watu zihifadhi iCloud, ziko nyepesi. Bekapu nzima ya simu sikushauri uirudishe baadaye. Jelibreki yenyewe hairudi kwa bekapu, hilo lisikutishe, ila mabaki ya mipangilio yake huweza kurudi nayo, na kwa simu ambayo hujui imepita mikononi mwa nani ni heri kuanza upya ukarudisha picha na WhatsApp peke yake.

Kisha zima Find My ndani ya simu, itakuuliza nenosiri la akaunti yako. Liwe kichwani au kwenye daftari. Nimeona watu wengi wakikwama si kwa jelibreki, bali kwa kusahau nenosiri lao wenyewe.

Kompyuta iwe Mac au Windows, zote sawa. Mac kuanzia Catalina inatumia Finder. Windows pakua iTunes, au ile programu mpya ya Apple Devices, kutoka kwa Microsoft au Apple wenyewe, si kwenye tovuti nyingine. Faili la mfumo ni kubwa, gigabaiti kadhaa, kwa hiyo andaa bando la GB 8 au zaidi, au nenda kwenye Wi-Fi yenye kasi. Waya uwe mzima, ikiwezekana wa asili. Na kwa hali ya umeme wetu tumia kompyuta mpakato yenye betri inayokaa, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuandika mfumo utaanza tena mwanzo.

Chomeka simu. Bonyeza kitufe cha kuongeza sauti na kukiachia, bonyeza cha kupunguza na kukiachia, kisha shikilia kitufe kikubwa cha pembeni. Tufaha litatokea, usiachie. Endelea mpaka uone picha ya waya na kompyuta. Hapo kompyuta itakuuliza, Update au Restore? Hapa ndipo penye uamuzi. Update nayo inaandika mfumo mpya na kuizima jelibreki, lakini inaacha vitu vyako na mabaki yote mahali pake. Chagua Restore. Inafuta na kuandika kila kitu.

Kitakachokushtua ni muda. Kupakua kukizidi dakika 15 simu inatoka yenyewe kwenye ile picha na kuwaka kawaida. Haijaharibika. Acha kompyuta imalize kupakua, kisha rudia vitufe vilevile na ubonyeze Restore tena, haitapakua upya. Baada ya hapo utaona mstari ukijaa polepole chini ya tufaha. Usiushike waya. Ikikatika na kompyuta ikaandika kosa la 9, 4013 au 4014, badilisha waya, badilisha tundu la USB, jaribu kompyuta nyingine. Makosa hayo mara nyingi ni ya mawasiliano yaliyokatika. Yakirudi kwa kompyuta tatu tofauti, shida ni ya ubao wa simu, ipeleke kwa fundi wa vifaa.

Ikiwa hiyo picha ya waya haiji kabisa, ipo njia ya chini zaidi inaitwa DFU. Bonyeza kuongeza sauti, bonyeza kupunguza, shikilia cha pembeni mpaka kioo kiwe cheusi. Ukiwa bado umekishikilia, shikilia pia cha kupunguza sauti kwa sekunde 5, kisha achia cha pembeni peke yake. Kioo kinabaki cheusi tii, lakini kompyuta inasema imeona simu. Tufaha likitokea ujue umechelewa kuachia, rudia.

Huwezi kuchagua toleo la mfumo, usipoteze muda kutafuta iOS 14 ya zamani mtandaoni. Kila ristoo inaomba kibali kwenye seva za Apple kwa simu hiyo moja, na kibali hutolewa kwa toleo linaloruhusiwa wakati huo tu. iPhone X inaishia kwenye iOS 16, haipati 17. Hiyo ndiyo itakayoingia. Kwa sasa inatosha, ila ujue siku moja benki itadai mfumo mpya zaidi, na siku hiyo hakuna fundi atakayekusaidia zaidi ya kununua simu nyingine.

Simu itawaka na "Hello". Weka laini, unganisha intaneti. Ikikuuliza akaunti, ukaona baruapepe iliyofichwa kwa nyota ambayo si yako, ndilo lile kufuli. Mwenye akaunti anaweza kuiondoa akiwa popote duniani, kwa kuingia iCloud na kuitoa simu kwenye orodha yake, hana haja ya kuishika. Huenda ni mtu aliyeuza simu Dubai akasahau tu, huenda aliibiwa. Muuzaji ndiye wa kumtafuta. Apple nao hupokea maombi ya kufungua, lakini wanataka uthibitisho wa ununuzi wa awali, si risiti ya mtu wa nne. Usimlipe mtu yeyote anayekuambia atalifuta kwa kompyuta yake, atakufunikia kitambaa kilekile tena. Ukiona badala yake maneno ya "Remote Management", simu ilikuwa ya ofisi au shule fulani na bado iko kwenye usimamizi wao. Nayo inarudi kwa muuzaji.

Ikipita moja kwa moja mpaka kwenye kioo cha mwanzo, ni yako. Weka namba ya siri ya tarakimu 6 hapohapo, washa Face ID, ambayo sasa itakubali, washa Find My, kisha ndiyo upakue programu ya benki.

Jambo moja ambalo hukuuliza. Nywila zote ulizoandika kwenye simu hii mwezi mzima, zibadilishe: ya akaunti ya Apple kwanza, kisha baruapepe, benki, Facebook. Mwaka 2015 iligunduliwa programu chafu iliyoitwa KeyRaider, ikiishi kwenye iPhone zenye jelibreki peke yake, na ilikuwa imeiba akaunti za Apple zaidi ya 225,000. Wenye simu hawakuona dalili yoyote. Sina ushahidi kwamba yako ina kitu kama hicho, lakini hujui aliyeivunja aliweka nini, wala hakuna haja ya kuendelea kujiuliza wakati kubadilisha ni kazi ya nusu saa. Badilisha baada ya kusafisha, si kabla. Ukibadilisha kabla unaandika nywila mpya kwenye simu ileile.

Na lile tundu la chipu? Litabaki, halizibiki. Lakini kulitumia kunahitaji simu iwe mkononi mwa mtu, waya na kompyuta, na athari yake hufa simu ikizimwa. Ukiwa na namba ya siri na simu iko mfukoni mwako, lisikunyime usingizi.

Kabla hujapanda basi, niandikie umeona nini kwenye orodha ya iCloud na kwenye ule mstari wa Carrier Lock. Na ukikwama katikati ya ristoo, nitumie maneno ya kwenye kioo herufi kwa herufi pamoja na namba ya kosa, waya ukiwa bado umechomekwa.